Pima Kina Kabla ya Kununua Pampu

(Mazungumzo na vikundi vya maji)



Kikundi kinaweza kuchanga pesa miezi mingi, kisha zikaishia kwa pampu isiyovuta maji. Mara nyingine pampu ni nzima, ila hakuna aliyejua maji yako chini kiasi gani. Pampu ya kunyonya, ile inayowekwa juu ya ardhi, haivuti vizuri maji yaliyo zaidi ya mita 7 hivi chini yake, hata injini iwe na nguvu namna gani. Leo tujifunze kukadiria umbali huo kwa jiwe na saa.

Kwanza tujiulize: tunajua nini, na tunatafuta nini? Chukueni daftari, muandike.

1. Kasi ya kuanzia. Jiwe likiachiliwa tu, bila kurushwa, kasi yake ya kwanza ni sifuri. Hakuna atakayekupa namba hiyo. Imejificha ndani ya neno "kuachilia". Ukilitupa kwa nguvu, umeharibu hesabu.

2. Kuongezeka kwa kasi. Kila sekunde, jiwe linaloanguka huongeza kasi kwa mita 9.8 kwa sekunde. Sisi tutumie 10. Jiwe dogo na kubwa ni sawa.

3. Muda. Huu tunaupima wenyewe kwa saa au simu, tangu kuachilia mpaka kusikia "chubwi!"

Tunachotafuta ni umbali hadi kwenye maji.

Wengine huandika kwamba kasi ya mwisho ni sifuri, eti kwa sababu jiwe limefika. Sivyo! Linapogonga maji ndipo linapokimbia zaidi.

Tuseme muda ni sekunde 2. Kasi ya mwisho ni 2 mara 10, yaani mita 20 kwa sekunde. Ilianza sifuri ikaongezeka sawasawa, basi wastani wake ni 10. Mita 10 kila sekunde, kwa sekunde 2, ni mita 20. Mnaona? Pampu ya kunyonya haifai hapo. Mita 7 jiwe huzimaliza kwa sekunde 1.2 hivi.

Lakini angalieni. Ukikosea nusu sekunde tu, zile mita 20 zitasomeka 11 au 31. Kwa hivyo watu watatu wapime, na mrudie mara tatu. Kisha, kabla pesa hazijatoka, mteremshe kamba yenye uzito mpaka iguse maji, muipime. Fanyeni hivyo mwisho wa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa. Jiwe lioshwe, watoto wakae mbali, na asiwepo mtu ndani ya kisima.

Muuza pampu mwaminifu atawauliza: maji yako mita ngapi? Nendeni mkiwa na jibu.