Gigahetzi Nyingi, Gemu Bado Linakwama

Kijana wa Kirungu, hapa mkoani Tanganyika, anayetafuta kompyuta ya mtumba ya kuchezea gemu huanza na swali moja: ina gigahetzi ngapi? Muuzaji analijua swali hilo, kwa hiyo namba huitaja mapema, tena kwa sauti. Fedha inatoka, mashine inafika nyumbani, gemu la mpira linawashwa, na mshambuliaji aliyebaki na kipa peke yake anaganda katikati ya boksi. Kijana anaona ameibiwa. Mara nyingi hakuibiwa; aliuliza swali lisilotosha.

Picha ya gemu haitembei. Kinachoonekana kwenye kioo ni picha zilizotulia, zinazofuatana haraka mpaka jicho linaziunganisha. Gemu likienda kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 16.7 tu za kutengenezwa. Likienda kwa picha 30, muda huo unakuwa milisekunde 33.3. Ndani ya muda huo prosesa inasoma kitufe kilichobonyezwa, inaamua kila mpinzani akimbilie wapi, inapiga hesabu ya mpira utaanguka wapi, kisha inaipa kadi ya michoro maagizo ya kuchora. Prosesa ni kama kapita wa bandari ya Kalemie, na kadi ya michoro ni kundi la wabeba mizigo. Wabebaji wawe na nguvu namna gani, kapita akichelewa kutoa amri watasimama.

Milisekunde hizo si jambo dogo kwa wanaocheza kwa ushindani. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018 kwa ustadi wake katika gemu la mapigano la Tekken 7. Humo kila pigo hupimwa kwa idadi ya picha. Ngumi za haraka kabisa hufika baada ya picha 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Kompyuta isiyoweza kushika picha 60 hulifanya pambano lenyewe lipungue mwendo, na mkono uliozoea wakati wake unakosea.

Sasa turudi kwenye gigahetzi. Namba hiyo inasema saa ya prosesa inagonga mara ngapi kwa sekunde: gigahetzi 3 ni mara bilioni 3. Haisemi ni kazi kiasi gani inafanyika kila saa inapogonga, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapotea. Mwaka 2004 kampuni ya Intel ilikuwa na prosesa ya Pentium 4 ya gigahetzi 3.8, na mpango wake wa kufikia 4 ikaufuta mwaka huohuo. Joto lilikuwa limekuwa mzigo mkubwa mno. Mwaka 2006 ikatoa Core 2 Duo. Ile ya gigahetzi 2.4 tu iliipita Pentium 4 ya 3.8, kwa sababu ilimaliza kazi nyingi zaidi kila saa ilipogonga.

Mfano wa karibuni unaeleza zaidi. Mwaka 2022 kampuni ya AMD ilitoa prosesa ya Ryzen 7 5800X3D, ambayo saa yake ni ya polepole kuliko ya ndugu yake 5800X. Lakini katika magemu mengi ndiyo inayotoa picha nyingi. Siri ni kumbukumbu ya akiba iliyo ndani ya prosesa: megabaiti 96 badala ya 32. Prosesa hupoteza muda mwingi ikisubiri data kutoka kwenye RAM, na ile iliyo na akiba kubwa husubiri kidogo.

Wengine husema, basi tafuta yenye viini vingi, yaani sehemu nyingi za ndani zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Nalo ni jibu nusu. Gemu nyingi huweka kazi yao nzito kwenye kiini kimoja au viwili, vingine vikikaa bure. Prosesa ina viini 8, kimoja kimejaa, na kipimo cha jumla kinaonyesha asilimia 13 tu. Mchezaji anaona prosesa imepumzika, kumbe ndiyo inayomkwamisha.

Gemu kuikwaza prosesa ni jambo la zamani. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado aliunda Space Invaders kwa prosesa ya Intel 8080, yenye kasi ya megahetzi 2 hivi. Mashine ilisogeza adui mmoja kwa kila picha. Maadui wakiwa 55 walijikokota. Walivyopungua, kila mmoja alifikiwa zamu yake haraka, nao wakazidi kukimbia. Nishikado aliliona hilo, akaliacha libaki kuwa sehemu ya mchezo.

Kwetu mkoa wa Tanganyika kuna sababu ya ziada ya kuyajua haya. Prosesa inapoanza kazi ghafla, hitaji lake la umeme hupanda kwa kasi, na vipo vifaa vidogo pembeni yake vya kuutuliza umeme huo. Baadhi hutengenezwa kwa tantali, inayotoka kwenye koltani. Bati linalounganisha vipande vya ubao wa kompyuta ni madini yaliyochimbwa Manono, mkoani humuhumu, tangu enzi za Wabelgiji. Si haki mtoto wa nchi yenye madini hayo auziwe mashine asiyoielewa.

Umeme na joto, kwa kweli, ndivyo vinavyoharibu gemu nyingi huku. Ile gigahetzi inayotajwa dukani aghalabu ni kilele ambacho laptopu hukifikia kwa muda mfupi. Ikichomolewa kwenye umeme na kubaki na betri, hujipunguzia kasi. Feni ikijaa vumbi, prosesa ikakaribia nyuzi 100, hujipunguzia tena isiungue. Simu nazo ni vilevile: anayecheza Free Fire huku akichaji juani anaipika simu yake, na picha zinashuka.

Kwa hiyo anayenunua asilipe kabla ya kujaribu. Awashe gemu lenyewe analolitaka, chaja ikiwa imechomekwa, alicheze dakika 20 mpaka mashine ipate moto. Kisha apunguze ukubwa wa picha kwenye mipangilio. Picha kwa sekunde zikiongezeka, kadi ya michoro ndiyo iliyolemewa, na anaweza kuishi na mipangilio hiyo ya chini. Zisipoongezeka, prosesa ndiyo imefika mwisho wake, na kwenye laptopu nyingi haibadilishwi. Nanyi wauzaji, wapeni vijana hizo dakika 20 na umeme wa kujaribia.