Mama Aliyemaliza Kuzaa Naye Ana Haki ya Afya



Tumeombwa tuseme leo juu ya jambo lisilosemwa hadharani, nalo ni afya ya mama wa umri wa makamo. Alipokuwa mjamzito alipewa kadi, akapimwa, akaulizwa habari zake. Alipomaliza kuzaa, kadi ikafungwa. Tangu hapo yeye ndiye anayewapeleka wengine zahanati: wajukuu, mume, wakwe wazee. Je, yeye apelekwe na nani?

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, kwa kuwa vifuko vya mayai hupunguza kutoa homoni iitwayo estrojeni. Wengine hupatwa na joto la ghafla, jasho la usiku, na usingizi wa mang'amung'amu. Huo si ugonjwa, wala si laana, wala si dalili ya kurogwa.

Hata hivyo, wanawake hawapiti njia hiyo kwa namna moja. Katika miaka ya 1980 Margaret Lock, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, aliwauliza wanawake wa Japani zaidi ya elfu moja. Waliotaja joto la ghafla walikuwa wachache kuliko wenzao wa Marekani na Kanada; wengi zaidi walilalamikia mabega kukakamaa. Naye Yewoubdar Beyene aliishi na wanawake wa Kimaya wa Yucatán, Meksiko. Hao hawakulalamikia joto hilo, bali walifurahia kupumzika na uzazi na kupata uhuru zaidi. Huko Marekani, matokeo ya utafiti yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba dalili hizo ziliwaandama wanawake weusi kwa miaka ipatayo 10, na wenye asili ya Japani na China kwa miaka ipatayo 5. Waliolemewa na msongo wa mawazo waliteseka kwa muda mrefu zaidi.

Tunajifunza nini? Kwamba hali ya mama haitokani na maumbile peke yake. Chakula, kazi, heshima na mashaka ya maisha vinaweza kuipunguza au kuizidisha adha yake. Kwa hiyo sisi tunaoishi naye tuna sehemu yetu.

Lakini tusidanganyike: mama asiyelalamika si lazima awe mzima. Hedhi ikikoma, mifupa huanza kupungua nguvu, na hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka. Zaidi ya hayo, mama ambaye hedhi yake imekoma kwa mwaka mzima, kisha akaona damu tena, hata kama ni matone, asidhani ujana umerudi. Yawezekana ni dalili ya saratani ya mlango wa kizazi au ya mfuko wa uzazi. Hana budi kupimwa bila kukawia. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zile zinazowaua wanawake wengi zaidi katika Afrika Mashariki, ilhali ikigunduliwa mapema hutibika.

Hapo ndipo suala la afya linapokuwa suala la haki. Mama amelima, amevuna, lakini nauli ya kwenda hospitali i mfukoni mwa mwingine, naye huona haya kuiomba kwa ajili ya maradhi asiyoweza kuyataja. Akina baba, nauli hiyo si hisani. Ni jasho lake mwenyewe. Nanyi viongozi wa vijiji, mnapodai huduma za mama na mtoto, mdai pia huduma za mama ambaye watoto wake wamekwisha kukua.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mara nyingi mama huyu hakuficha. Sisi ndio hatukuuliza. Basi tukirudi nyumbani jioni hii, tumuulize: “Mama, wewe mwenyewe waendeleaje?” Kisha tuketi, tusubiri jibu.