Mbwa Anayerukia Wageni

Leo nina neno na wewe uliyeleta kitoto cha mbwa nyumbani, ukakifunga mnyororo chini ya mwembe ili "kiwe kikali". Mbwa wa kufungwa kutwa kucha huwa mwoga, na mwoga ndiye anayemng'ata mtoto wa jirani. Kati ya wiki 3 na 14 hivi ndipo mbwa huzoea dunia: watu, kuku, kelele za bodaboda, mgeni mwenye mwavuli.

Tuchukue tabia moja, ya kurukia wageni. Wengi humsukuma na kumfokea, naye anaona ni mchezo. Akiruka, mpe mgongo, nyamaza. Miguu yote minne ikigusa chini, msifu na umpe dagaa mmoja papo hapo. Ukienda kwanza kutafuta dagaa jikoni, ukirudi hajui anatuzwa kwa lipi. Na nyumba nzima ifuate. Mama akikataza halafu mjomba akamkumbatia, kazi bure.

Kwa chakula chake, ugali kwa dagaa si mbaya, ila vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana.

Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza kwa kawaida akifika miezi 3. Daktari wa mifugo atakupangia za kurudia. Mtu aking'atwa, hata mkwaruzo tu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo. Pilipili na mafuta ya taa msipake kwenye jeraha, viacheni jikoni.