Sifa ya Kuachishwa Jeshi la Akiba la Marekani na Njia ya Kuikatia Rufaa

(Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa Visiwa. Yanachapishwa kwa faida ya wote.)




Zipo familia Unguja na Pemba zenye watoto na ndugu wanaoishi Marekani. Sheria ya nchi hiyo inamruhusu mgeni mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu kujiunga na majeshi yake, yakiwemo majeshi ya akiba. Aidha, kuanzia mwaka 2008 hadi 2016 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliendesha mpango maalumu wa kuandikisha baadhi ya wageni wasiokuwa na kibali hicho lakini wenye ujuzi wa lugha zilizohitajika jeshini, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Kwa sababu hiyo, jambo linaloonekana kuwa la mbali linaweza kufika mlangoni kwa familia ya hapa Visiwani kwa njia ya barua yenye maneno machache mazito: kwamba kijana wao ameachishwa jeshi la akiba katika hali isiyo ya heshima.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza maana ya maneno hayo, njia iliyowekwa na sheria ya kuyakatia rufaa, na sehemu ambayo jamaa na ofisi za hapa nyumbani zinaweza kuitekeleza. Jeshi la akiba linalozungumzwa hapa lisichanganywe na Mgambo wa hapa nchini.

Askari wa akiba na sifa ya utumishi wake

Askari wa akiba wa Marekani, kwa kawaida, huhudhuria mazoezi mwisho wa wiki mmoja kila mwezi na takriban wiki mbili kila mwaka. Siku zilizobaki ni raia kama raia wengine: hufanya kazi, husoma, hulea watoto na hulipa kodi ya nyumba. Utumishi wake unapokwisha, jeshi huandika sifa ya utumishi huo.

Sifa zinazotolewa kwa njia ya utawala, bila ya mahakama ya kijeshi, ni tatu. Ya kwanza ni kuachishwa kwa heshima. Ya pili huitwa ya kawaida, nayo ipo chini ya masharti ya heshima ingawa haikufikia ukamilifu. Ya tatu ni kuachishwa katika hali isiyo ya heshima. Zipo pia sifa mbili mbaya zaidi zinazotokana na hukumu ya mahakama ya kijeshi, na ipo hali ya kutopewa sifa yoyote kwa askari aliyeondoka mapema mno.

Ieleweke kwamba maneno haya si pambo la cheti. Sifa ya tatu inaweza kumzuilia mtu mafao ya askari wastaafu na kumharibia nafasi ya kazi. Kwa aliyezaliwa nje ya Marekani lipo jambo kubwa zaidi. Mgeni aliyepata uraia wa nchi hiyo kwa njia ya utumishi wa kijeshi anaweza kuvuliwa uraia huo iwapo ataachishwa katika hali isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Kwa upande mwingine, Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamwondolea uraia mtu mzima anayechukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine. Mtu wa namna hiyo anaweza kujikuta hana huku wala hana kule.

Namna askari wa akiba anavyoingia matatani

Sababu mojawapo inayowakumba askari wa akiba ni kukosa mazoezi. Mwisho wa wiki mmoja wa mazoezi kwa kawaida huhesabiwa kuwa vipindi 4. Kwa kanuni za akiba ya Jeshi la Nchi Kavu, askari aliyekosa vipindi 9 bila ya ruhusa katika muda wa miezi 12 anaweza kuhesabiwa kuwa ameshindwa kutimiza utumishi wake. Kwa hesabu hiyo, miisho ya wiki miwili na kipindi kimoja cha ziada vinatosha.

Chukulia mfano wa kijana aliyepata khabari kwamba baba yake ni mgonjwa mahututi Pemba. Anampigia simu mkubwa wake wa kikosi, anaambiwa aende, wala hapana kilichoandikwa. Anamuuguza mzee kwa miezi mitatu, anamzika, anakaa matanga, kisha anarejea. Katika muda huo amekosa vipindi 12. Taarifa ya kusudio la kumwachisha imepelekwa kwa posta iliyosajiliwa katika chumba alichokuwa amepanga. Kanuni zinampa askari wa akiba asiyekuwa kazini siku 30 za kujibu, na anayenyamaza huhesabiwa kuwa amesamehe haki zake, ikiwemo haki ya kusikilizwa na baraza la kijeshi kabla ya kupewa sifa ya tatu. Aliporudi alikuta jambo limekwisha.

Katika mfano huu hakuna aliyesema uongo. Jalada linasema askari hakuhudhuria na hakujibu, na yote mawili ni kweli. Kilichokosekana katika jalada ni sababu, na ushahidi wa sababu hiyo upo Pemba.

Sababu nyingine ni kosa lililotendwa uraiani, siku ambazo askari hakuwa jeshini. Hapa sheria imeweka mpaka ambao wengi hawaufahamu. Kanuni za Wizara ya Ulinzi zinaeleza kwamba mwenendo wa uraiani wa askari wa akiba asiyekuwa kazini unaweza kuwa msingi wa sifa isiyo ya heshima pale tu mwenendo huo unapoathiri moja kwa moja utekelezaji wa kazi zake za kijeshi. Hata kwa sifa ya kawaida, ni lazima ionekane kwamba mwenendo huo umedhuru ufanisi wa jeshi kwa jumla, pamoja na ari na utendaji wake.

Fikra hii ina historia. Katika miaka ya 1950 Jeshi la Marekani liliwapa askari kadhaa sifa mbaya kwa sababu ya mambo ya kisiasa waliyohusishwa nayo kabla ya kuingia jeshini. Mwaka 1958, katika shauri la Harmon dhidi ya Brucker, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba sifa ya kuachishwa lazima itokane na kumbukumbu za utumishi wa askari mwenyewe jeshini. Kwa hiyo, swali la kwanza la kujiuliza kwa kila anayekusudia kukata rufaa ni hili: je, jambo alilohukumiwa nalo lilihusu utumishi wake, au lilihusu maisha yake ya uraiani tu?

Bodi zinazopokea rufaa

Wazee husema maji yakimwagika hayazoleki. Katika jambo hili sheria ya Marekani imeacha njia ya kuyazoa, ila njia hiyo ina mipaka ya muda.

Chombo cha kwanza ni bodi ya kupitia upya uachishwaji, ambayo msingi wake ni sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorejea kutoka Vita Vikuu vya Pili. Maombi hupelekwa kwa fomu DD 293 katika muda wa miaka 15 tangu tarehe ya kuachishwa. Bodi hii haina mamlaka juu ya hukumu za mahakama kuu ya kijeshi. Mwombaji anaweza kuomba jalada lake lipitiwe tu, au asikilizwe mwenyewe. Aliyekataliwa baada ya jalada kupitiwa anaweza bado kuomba kusikilizwa, maadamu miaka 15 haijapita. Inafaa pia kufahamika kwamba bodi haimwongezei mwombaji adhabu: sifa yake itapandishwa au itabaki ilivyo.

Chombo cha pili ni bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, iliyotokana na sheria ya mwaka 1946. Hii ina mamlaka mapana zaidi na hutumia fomu DD 149. Muda wake ni miaka 3 tangu mwombaji alipogundua kosa au dhulma, lakini bodi inaweza kuusamehe muda huo kwa maslahi ya haki. Aliyekwisha pitiwa na miaka 15 huelekea huku. Aidha, kwa walioachishwa tangu tarehe 20 Disemba 2019, sheria imeweka ngazi ya mwisho katika Wizara ya Ulinzi kwa aliyekwisha pita ngazi za chini bila ya kuridhika. Kuwasilisha maombi katika bodi hizo hakuna ada.

Hoja zinazopimwa ni za namna mbili. Ya kwanza ni uhalali: je, kanuni zilifuatwa, taarifa ilitolewa ipasavyo, haki ya kusikilizwa ilitimizwa? Ya pili ni uadilifu: je, hata kama kanuni zilifuatwa, sifa iliyotolewa inalingana na utumishi wote wa mtu huyo? Kijana wa mfano uliotangulia huenda akashindwa katika hoja ya kwanza, kwani barua ilipelekwa. Lakini anayo hoja yenye nguvu katika ile ya pili.

Miongozo iliyotolewa mwaka 2014 na mwaka 2017 imeziagiza bodi kuwaangalia kwa wema zaidi waombaji ambao mwenendo wao ulitokana na maradhi ya akili yaliyosababishwa na vita au misukosuko mikubwa, madhara ya ubongo, au udhalilishaji wa kijinsia. Mwongozo wa mwaka 2018 umeongeza kwamba bodi zizingatie pia huruma na mwenendo mwema wa mtu baada ya kuachishwa.

Ushahidi, na wajibu wa walio nyumbani

Bodi huanza kwa kuchukulia kwamba Serikali ilitenda sawasawa, na mzigo wa kuonyesha kinyume chake ni wa mwombaji. Malalamiko matupu hayatoshi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ndivyo ilivyo.

Jambo la kwanza ni kuomba jalada la utumishi kutoka kituo cha kumbukumbu za watumishi kilichopo St. Louis, kwa fomu SF 180. Askari wa akiba ambaye hakuwahi kuitwa kazini kwa muda mrefu mara nyingi hana hati ya DD 214 inayozoeleka, bali ana amri ya kuachishwa. Asidhani kwamba kukosa hati hiyo kunamnyima rufaa.

Jambo la pili linawahusu walio hapa. Cheti cha kifo cha mzazi, maelezo ya hospitali yenye tarehe za kulazwa, mihuri ya uhamiaji katika pasi ya kusafiria, barua ya sheha anayethibitisha kwamba kijana alikuwepo shehiani akiuguza, na ushahidi wa walimu au waajiri juu ya tabia yake, vyote vinaweza kuambatanishwa na maombi. Nyaraka za Kiswahili zifuatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Tarehe ziwe sahihi na zipatane, kwani tarehe moja iliyokosewa huweza kuutilia shaka ushahidi wote.

Kwa hivyo, watumishi wa umma wanaopokea maombi ya nyaraka za aina hii wanaombwa wayashughulikie mapema na kwa uangalifu. Karatasi inayoonekana ndogo katika kaunta ya ofisi inaweza kuwa ndiyo sababu iliyokosekana katika jalada la mtu kwa miaka mingi. Jamaa nao wanashauriwa kuhifadhi bahasha na barua zote, na kuwahimiza vijana wao waliomo katika majeshi hayo kuomba ruhusa kwa maandishi na kutoa taarifa kila wanapohama.

Hitimisho

Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliamuru askari weusi 167 wa kikosi cha 25 cha miguu waachishwe bila ya heshima, wakituhumiwa kwa ufyatuaji risasi uliotokea usiku katika mji wa Brownsville, Texas. Hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani kwa tuhuma hiyo. Mwaka 1972 Jeshi liligeuza sifa zao kuwa za heshima. Ilikuwa imepita miaka 66, na karibu wote walikuwa wamekwisha fariki.

Tukio hilo linafundisha mambo mawili. Neno lililoandikwa na mkubwa linaweza kufutwa, hata likiwa limeandikwa na Rais. Lakini heshima inayorejeshwa juu ya kaburi haimlishi mjane wala haimpi kijana kazi. Mwenye haki na aidai angali hai, ndani ya muda wake, akiwa na karatasi zake mkononi.