Mtini Usiozaa na Kocha wa Timu Inayoshindwa

Neno letu la juma hili ni Luka 13:6-9. Mtu alikuwa na mtini katika shamba lake la mizabibu. Miaka mitatu alikuja kutafuta tunda, akakosa, akaamuru ukatwe. Mtunza shamba akamwomba auache mwaka mmoja zaidi, apate kulima kando yake na kutia mbolea. Ukizaa, vema. Usipozaa, shoka lipite.

Tunajua namna tunavyomhukumu kocha. Jumapili tukitoka ibadani, hata wazee wa kanisa wanauliza matokeo (tunawaona!). Timu ikifungwa mara tatu tunasema: huyu hajui kazi, aende. Anachofundisha Jumanne asubuhi hatukiulizi. Twende basi Uingereza, kwa timu ambayo vijana wetu wengi wanavaa jezi yake.

Alex Ferguson aliingia Manchester United Novemba 1986, timu ikiwa karibu na mkia wa shampiona. Mwaka 1988 walimaliza wa pili. Halafu wakarudi nyuma: wa 11 mwaka 1989, wa 13 mwaka 1990. Septemba 1989 walifungwa 5-1 na Manchester City, majirani wa mji uleule. Desemba hiyo bango liliinuliwa kiwanjani, likilalamika juu ya miaka mitatu ya visingizio. Miaka mitatu! Kama yule mwenye mtini.

Anayehesabu magoli tu angemkata. Lakini chini ya mti kulikuwa na jembe. Ferguson alikuwa ameongeza watu wa kutafuta watoto wenye kipawa. Ryan Giggs aliletwa mwaka 1987, akiwa na miaka 14. Mtoto wa miaka 14 hakuokoi Jumamosi ijayo. Tena alipigana na desturi ya pombe kati ya wachezaji, na mwaka 1989 akawauza wawili waliopendwa sana, Norman Whiteside na Paul McGrath. Mashabiki waliumia. Mbolea, wapendwa, inanuka kabla ya kuleta tunda. Hatusemi kila alichofanya kilikuwa sawa: McGrath alikwenda Aston Villa akacheza vizuri kweli. Tunasema tu kwamba kazi ilikuwapo, na aliyekaribia shina aliiona. Mwenyekiti wa klabu, Martin Edwards, alieleza baadaye kwamba hawakuwa na nia ya kumfukuza. Januari 1990 goli moja la Mark Robins liliwatoa Nottingham Forest, na Mei wakachukua kombe. Shampiona ilikuja mwaka 1993, ya kwanza tangu 1967.

Lakini mtu asitoke hapa akisema mchungaji amefundisha kwamba mvivu avumiliwe. Juni 2022 Leopards wetu walifungwa na Gabon hapa nyumbani, halafu na Sudan. Héctor Cúper akaondolewa, Sébastien Desabre akaja Agosti, na kwa kundi lilelile tuliingia CAN, tukafika nusu fainali huko Côte d'Ivoire Februari 2024. Tulifurahi wote. Mtunza shamba naye hakulikataa shoka. Aliomba mwaka mmoja, na akataja kazi atakayoifanya ndani ya mwaka huo. Asiyeweza kutaja kazi yake haombi muda, anaomba mshahara.

Tunasema haya kwa sababu tumepokea barua juu ya mwinjilisti wa mojawapo ya shapeli zetu. Mmeandika kwamba tangu afike, watu wamepungua, matoleo yameshuka, kwaya imebaki na waimbaji watano. Hesabu hiyo ni ya kweli. Tulikwenda na mashemasi wawili, tukaangalia vitabu, tukakaa siku tatu.

Kwaya ilipungua kwa sababu alimsimamisha kiongozi wake aliyekuwa akija mazoezini amelewa, na marafiki zake wakamfuata nje. Matoleo yalishuka kwa sababu sasa yanaandikwa jinsi yalivyo. Zamani mikopo ya kasha ilihesabiwa kana kwamba ni fedha iliyopo. Na Jumatano tuliyoipata pale, vijana wanane walikuwa wameketi na Biblia mkononi, wakijibu maswali ambayo wazazi wao wasingeyajibu. Wanane ni wachache. Mwaka jana hapakuwa na hata mmoja.

Tuliona mapungufu pia, na tumemwambia uso kwa uso. Hatembelei wajane inavyopasa. Mahubiri yake ni marefu, watu wa mbali wanafika nyumbani usiku, na katika nyakati hizi usiku si wa kuchezea. Wagonjwa wa upande wa mtoni hawajamwona tangu Pasaka.

Kwa hiyo hatumwondoi sasa. Tumempa mpaka mwezi wa kumi na mbili. Katika barua yake tumeandika kazi nne: wajane, wagonjwa, kwaya, na kumaliza ibada kabla ya saa sita. Ametia sahihi, na nakala iko kwa katibu wa kanisa; aliyeandika barua ana ruhusa ya kuisoma. Mwezi huo tutarudi na mashemasi walewale.

Waimbaji waliotoka wanaitwa kurudi. Mazoezi ni Ijumaa, saa kumi alasiri.