Msaada Hauulizi Kabila



Neno «ubinadamu» tunalisikia kila siku redioni na kwenye mikutano ya mashirika. Maana yake ni nini hapa Ruashi?

Mwaka 1859, Henry Dunant wa Uswisi alifika karibu na Solferino, Italia, akakuta maelfu ya askari majeruhi hawana wa kuwatunza. Yeye na wanawake wa pale waliwahudumia wote bila kuuliza ni wa jeshi gani. Kutokana na kazi ile ukazaliwa Msalaba Mwekundu. Msingi wake ni huo: tunaangalia shida ya mtu, si upande wake.

Sisi wa Lubumbashi tunajua hasara ya kuusahau msingi huo. Mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia ulinzi wa Umoja wa Mataifa katika mji huu. Miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Wengi walingoja treni kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi, na wengine wakafia pale. Baadaye vita vya Mitwaba, Manono na Pweto vikaleta mateso mengine.

Ndugu, ubinadamu unaanza kwenye orodha. Sisi wenyewe tuliwahi kukosa. Tulipokea orodha ya jetoni bila kuisoma mbele ya watu, na mama mmoja mjane akakosa unga kwa kuwa hakuwa na ndugu ndani ya komite. Tulimwomba radhi, lakini watoto wake walikuwa wamekwisha kulala njaa.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinataka msaada utolewe bila ubaguzi, na wanawake washiriki kikamilifu katika kuupanga na kuugawa. Kwa hiyo tunawaomba viongozi: orodha isomwe hadharani, wamama wawemo ndani ya komite, na familia inayogawana bukari yake na wageni isisahaulike.

Nanyi familia, jirani akiachwa nje ya orodha, msinyamaze, hata kama si wa kabila lenu. Mashirika yanakuja na kuondoka, jirani anabaki.