Mama Kwenye Usukani: Linda Watoto, Linda na Mfuko

Huenda unajiuliza, usukani wa gari na afya vinahusiana wapi? Vinahusiana sana. Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, kuliko ugonjwa wowote. Tunampeleka mtoto kliniki apate chanjo ya surua, halafu tukirudi nyumbani tunampakata kwenye kiti cha mbele bila mkanda. Hapo tumefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Leo basi tuzungumze juu ya mazoea ya kila siku tunapoendesha gari. Mazoea haya yana faida mbili: yanalinda maisha, na yanapunguza gharama za bima.

Tuanze na asubuhi. Mtoto hajamaliza uji, kiatu kimoja hakionekani, na shule inafunga lango. Unaingia garini ukiwa na haraka. Ngoja kwanza, mama. Kabla ya kurudisha gari nyuma, lizunguke kwa miguu. Mtoto mdogo akichuchumaa nyuma ya gari haonekani kwenye kioo hata kimoja. Hakikisha kila mtoto anayebaki nyumbani ameshikwa mkono na mtu mzima. Kuzunguka gari hakumalizi hata nusu dakika.

Sasa mwendo. Tuseme shule iko umbali wa kilomita 6. Ukienda kilomita 60 kwa saa bila kusimama, utafika kwa dakika 6. Ukienda kilomita 50, ambao ndio mwisho wa mwendo unaoruhusiwa mjini, utafika kwa dakika 7 na sekunde chache. Haraka yote ile imekuokolea dakika moja tu! Lakini ukikanyaga breki kwa kilomita 60, gari huhitaji karibu mara moja na nusu ya nafasi ambayo lingehitaji kwa kilomita 50 ili lisimame. Mtoto wa mwenzio akivuka ghafla, nafasi hiyo ndiyo uhai wake. Afadhali kuwaamsha watoto mapema kidogo.

Je, simu? Kwa mwendo wa kilomita 60, gari hupita karibu mita 17 kila sekunde. Ukiinamia ujumbe kwa sekunde 2 tu, umeendesha zaidi ya mita 30 ukiwa kama kipofu. Weka simu ndani ya mkoba, na mkoba uweke kiti cha nyuma. Aliyekupigia atangoja.

Jambo lingine ni usingizi. Mama anayenyonyesha usiku kucha huamka amechoka, na dawa nyingine za mafua huleta kusinzia. Muulize muuza dawa kabla ya kuzimeza. Ukihisi macho mazito, egesha gari mahali salama upumzike, au mwombe mwingine aendeshe.

Na mkanda? Kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ambazo Wakenya tulizoea kuziita Sheria za Michuki, zilitufundisha kufunga mikanda. Lakini mkanda wa mtu mzima humkaba mtoto mdogo shingoni. Yeye anahitaji kiti chake cha gari, na mahali pake ni nyuma. Mtoto mchanga aelekezwe kutazama nyuma ya gari. Usiseme, "Nitamshika." Gari la mwendo wa kilomita 50 likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu kama ya mzigo wa zaidi ya kilo 100. Hakuna mikono ya mama inayoweza kuushika mzigo huo.

Sasa tuje kwenye mfuko. Sheria yetu inamtaka kila mwenye gari awe angalau na bima ya thadi pati, inayowalipa wengine ukiwaumiza. Wengi huchukua bima kamili, ile inayolipia pia gari lako. Katika bima kamili, kampuni nyingi humpunguzia malipo mteja aliyemaliza mwaka bila kudai fidia. Tuseme unalipa shilingi 40,000 kwa mwaka, na kampuni yako hutoa punguzo la asilimia 10. Hapo umebakisha shilingi 4,000. Ukigongagonga kila mara, punguzo hupotea, na kampuni inaweza kukupandishia malipo.

Tena kuna ile sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe kwanza. Tuseme sehemu hiyo ni shilingi 15,000, nawe umebonyeza bampa sokoni, na fundi anataka shilingi 12,000. Bima haitakupa hata senti. Zote zitatoka kwenye pesa za unga na karo. Kwa hiyo acha nafasi ya kutosha kati yako na gari lililo mbele: hesabu sekunde 2, na mvua ikinyesha, hesabu 4.

Soma pia masharti ya bima yako. Je, unawabeba watoto wa majirani na kulipwa nauli? Bima ya gari la kibinafsi kwa kawaida hairuhusu biashara hiyo, na ajali ikitokea kampuni inaweza kukataa kukulipa. Mweleze wakala ukweli, akupe bima inayofaa. Usimpe usukani kijana asiye na leseni, hata kama ni mpwa wako na anakwenda dukani tu. Hata mwenye leseni mpya, uliza kwanza, kwani kampuni nyingi humtoza zaidi dereva mchanga anapopata ajali.

Lakini tahadhari, mama. Kwa kuogopa kupoteza punguzo, usifiche ajali. Mtu akiumia, simama, msaidie afike hospitali, piga ripoti polisi, na uiarifu kampuni yako. Punguzo litarudi mwaka mwingine, lakini uhai haurudi.

Wewe usiyeendesha pia una sauti. Baba watoto au dereva wa matatu akikimbiza gari, mwambie apunguze mwendo. Usione haya.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, fanya mambo matatu: lizunguke, funga mikanda yote, na weka simu mbali. Rudia kesho kutwa, mpaka watoto waanze kukukumbusha wenyewe.